Ndege Wawili, Ndege Mbili

Kazi niliyoifanya Kampala mwaka ule ilikuwa ya kuzuia jambo lisitokee, na halikutokea, ndiyo maana hakuna anayeikumbuka. Mtu akijenga daraja, daraja linaonekana. Sisi tulizuia ndege zisigongane hewani, hazikugongana, basi, kila mtu akaenda zake kula matoke. Watu wakisikia kwamba nilikaa Uganda miaka ile ya wanajeshi huvuta kiti karibu, wanataka niwape habari za watu waliotiwa kwenye buti za magari. Habari hizo ninazo, na baadhi ya watu hao niliwajua kwa sura. Lakini jamani, tulikuwa na kazi pia, tulikuwa na mizaha, na watu wema walikuwapo. Nimechoka kuulizwa kana kwamba miaka yote ile nilikuwa uvunguni mwa kitanda.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, upande wa Kisauni, mtoto wa Wakristo wa misheni. Nimekuwa opereta wa simu tangu usichana wangu. Mume wangu alipata kazi Port Bell, kwenye meli zile zinazobeba mabehewa ya reli kuvuka ziwa hadi Kisumu, nami nikamfuata. Nikaajiriwa kwenye simu katika ofisi moja ya serikali pale Nakasero, juu ya soko, na kilichonipatia kazi hiyo ni mdomo wangu. Waganda wengi Kiswahili hawakukipenda. Kwao kilikuwa lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Askari nao Kiingereza kiliwapiga chenga. Basi mtu anayejua vyote viwili, na asiyeona haya kupayuka kwenye simu, alikuwa anatafutwa.

Mwaka huo wakubwa wa nchi nyingi walitarajiwa Kampala kwa mkutano, kila mmoja na ndege yake, na ndege za wapambe wake. Kiwanja cha ndege kule kando ya ziwa hakikuzoea msongamano wa namna hiyo. Rada ilikuwa imekufa na fundi wake alikwisha rudi kwao Ulaya. Mnara uliongoza ndege kwa redio tu: rubani anasema yuko wapi, nao wanamwamini. Hilo si neno, maadamu kila rubani anasema. Taabu yetu ilikuwa jeti za jeshi. Zilikuwa zikifanya mazoezi ya gwaride juu ya mji, zikiruka mbili mbili, na saa za mazoezi zilikuwa siri. Ndege ya abiria inashuka kutoka kaskazini, inapita juu ya Kampala kuelekea ziwani, na hapo hapo jeti mbili zinachomoka nyuma ya kilima. Marubani walikuwa wakitua wametota jasho, wanatukana kwa lugha zao.

Ndipo ikaamuliwa tutumie macho. Askari wakawekwa juu ya vilima kuzunguka mji, kila mmoja na darubini na redio, watangaze wanachokiona. Ripoti zao ziliingia katika chumba chetu pale Nakasero, kwa Kiswahili. Mimi nazipokea, nazigeuza kuwa Kiingereza papo hapo, na mwongoza ndege aliyeketi ubavuni mwangu anaongea na mnara kwa simu ya moja kwa moja. Tulipewa majuma machache kabla ya mkutano tupime kama mpango huo unafaa au ni mchezo wa watoto.

Huyo mwongoza ndege ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Mganda mmoja mwembamba, mtu wa tai na sweta, mwenye adabu mpaka inakera. Aliniita nnyabo, kama wanavyoita mwanamke kwa heshima kwao, nami nikamwita ssebo. Chai yake aliinywa bila sukari kwa sababu sukari haikuwapo madukani, na kila akinywa alikunja uso kama mtoto anayepewa kwinini. Kiingereza chake kilikuwa cha kunyooka. Kiswahili chake, he! R na L zilimchezea zitakavyo. "Nnyabo, habali ya asubuhi? Leo kuna hatali gani?" Nilikuwa namcheka waziwazi, na yeye anacheka, kisha anarudia vilevile.

Lakini kazi aliijua. Kila jioni, kabla hatujafunga, aliniuliza maswali yale yale. Tumeona nini? Tumekosa kuona nini? Na tumeona nini ambacho hakikuwapo? Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi. Alinieleza kwamba jicho likikosa ndege moja, watu wanaweza kufa, hilo kila mtu analijua. Lakini jicho likipiga kelele kila mara bila sababu, mnara utaacha kusikiliza, marubani wataacha kutii, na siku ya hatari yenyewe hakuna atakayegeuza shingo. Mimi nilimwambia mji mzima ulikwisha fika huko. Akatazama mlango kwanza, kisha akaniambia ninywe chai yangu.

Askari wa vilimani walikuwa chini ya kapteni mmoja wa jeshi la anga. Kipande cha mtu, miwani myeusi, sauti ya kukwaruza. Siku ya kwanza aliwapanga askari wake uani kwetu, na sisi tukaambiwa tutoke tusikilize. "Kila ndege!" akasema. "Nyinyi nasikia? Kila ndege mimi nataka ripoti. Hapana chagua. Moja nakwenda pita, mimi sina habari, mtu atalia." Akarudia tena na tena, kila ndege, kila ndege, akiwapitia mmoja mmoja usoni. Nami nilisimama pale nikaona amri hiyo haina kasoro.

Katika sauti zote zilizoniingia masikioni, niliyoipenda ni ya koplo mmoja aliyewekwa Muyenga, kule juu kwenye matangi ya maji. Huko anaona kusini kote: Katwe na mabati yake, barabara, mabwawa, mpaka ziwani. Alikuwa mtu wa kaskazini, upande wa mto Naili, na Kiswahili alikipata kambini. Sura yake sikuijua. Nilijua tu kwamba ana sauti nzito, kwamba hukohoa kabla ya kusema, na kwamba ni mtu wa watu. "Mama Nakasero, umekula?" "Mama, mvua iko Port Bell, nguo yako nje?" Na kweli, mvua ilikuwa ikishuka Port Bell, na nguo zangu zilikuwa kwenye kamba. Nilimfokea kwamba redio ya serikali si ya kuanulia nguo. Alicheka, na siku ya pili akanipa tena habari za mvua.

Kwa ndege alikuwa hodari. Alitangaza jeti kabla vilima vingine havijasikia hata mngurumo, na mkuu wetu akaanza kumwamini kuliko wote. Koplo wa Muyenga akisema, simu inainuliwa.

Siku ya mambo ilikuwa ya jua kali, katikati ya asubuhi. Ndege ya mgeni mmoja mkubwa, aliyetangulizwa na nchi yake kuja kukagua maandalizi, ilikuwa inashuka kutoka kaskazini. Kule kiwanjani mkubwa wa nchi mwenyewe alikuwa anasubiri, na wacheza ngoma, na zulia. Redio ikakohoa.

"Mama, ndege mbili. Kubwa. Iko pamoja juu ya Katwe, inazunguka. Inapanda."

"Mbili pamoja?" nikauliza.

"Mbili pamoja. Inapanda sana."

Nikageuza: jeti mbili, juu ya Katwe, zinazunguka, zinapanda. Mkuu wetu hakupepesa jicho. Aliinua simu, mnara ukamwamuru rubani wa mgeni ageuke upande wa mashariki na angoje juu ya ziwa. Tukaipigia kambi ya jeshi kuuliza jeti hizo zinakwenda wapi. Hakuna aliyejibu, na hilo lilikuwa la kawaida. Koplo akaendelea: bado iko, bado inapanda, sasa iko juu sana. Rubani akazunguka ziwani, akazunguka, na aliposikia kwamba kuna jeti mbili ambazo hakuna anayeweza kusema zinafanya nini, akasema asante sana, akaenda Nairobi na mgeni wake.

Fikiria! Ngoma zimelia, zulia limetandikwa, mkubwa amesimama juani, na mgeni amekwenda Nairobi.

Kapteni alituingilia mchana. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza yangu, akasema jeti zake zote asubuhi ile zilikuwa chini. Hakuna hata moja iliyoruka. Basi nani ameona ndege mbili? Koplo wa Muyenga amekwisha kamatwa, akasema, lakini koplo hana akili ya kupanga jambo kama hili peke yake. Mtu wa chumba hiki amemtuma, ili kumwaibisha mkubwa mbele ya mgeni.

"Mimi nataka jina moja," akasema. "Kesho nakuja. Nyinyi napa mimi jina moja. Ama nasema koplo alikuwa peke yake, mimi namaliza na yeye, nyinyi nakwenda nyumbani. Hapana cheza na mimi."

Akachukua miwani yake, akatoka. Mkuu wetu akakaa. Mimi nikiogopa hupandwa na hasira. Nikaanza kumtukana koplo. Mpumbavu yule! Ameona nini? Amelewa? Ningempata ningemzaba kibao! Mkuu wetu aliniacha nimalize, kisha akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kunyooka, nimwambie tena maneno ya koplo, neno kwa neno, kwa Kiswahili kile kile, nisitengeneze.

Nikasema: ndege mbili, kubwa, iko pamoja, inazunguka, inapanda.

"Jeti haizunguki mahali pamoja," akasema. "Na sauti? Alisema amesikia sauti?"

Hapana. Siku zote koplo alitaja mngurumo, na safari hii hakuutaja. Mkuu wetu akainuka taratibu, akaenda dirishani, akatazama juu. Juu ya soko la Nakasero walikuwa wakizunguka kalooli, wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni. Miaka hiyo takataka hazikuzolewa, marundo yalijaa kila pembe, na kalooli walikuwa wameongezeka kuliko watu. Jua likishapasha mabati, hupanda na hewa ya moto bila kupiga bawa, wanazunguka, wanazunguka, mpaka wanakuwa vitone.

"Mola wangu," nikasema. "Ndege!"

"Nnyonyi," akasema yeye, kwa Kiganda, na akaanza kucheka bila sauti, mabega yanamtikisika. Kwao mwenye manyoya ni nnyonyi, na ile ya chuma nayo ni nnyonyi. Kwetu navyo vyote viwili ni ndege. Ila kwetu pwani hata mtoto mdogo hawezi kuchanganya. Akisema ndege wawili wanapanda, ni wenye mabawa ya manyoya. Akisema ndege mbili zinapanda, ni za abiria. Lakini Kiswahili cha kambini hakina wawili wala zinapanda. Kila kitu ni iko, kila kitu ni ina. Na koplo aliambiwa nini? Kila ndege. Hapana chagua. Mtu aliyefokewa usoni atangaze kila ndege, akiona ndege wakubwa kama wale, wa kuvunja kioo cha rubani, na siku ile wamepanda mpaka kwenye njia ya mgeni, afanye nini? Akatangaza.

Hapo hasira zangu zikahama, zikamwendea kapteni. Nilitaka nimpigie simu pale pale nimweleze. Mkuu wetu akanikataza. Tukisema koplo ametangaza kalooli, kapteni atasikia kwamba koplo ni mjinga aliyeharibu siku ya mkubwa, na atammaliza kwa ujinga badala ya uhaini. Au atasikia kwamba tunamcheka yeye na amri yake. "Kumwambia haitoshi," akasema. "Lazima asikie mwenyewe."

Jioni nilipomweleza mume wangu, alikuwa amekwisha kata shauri kabla sijamaliza sentensi. Meli ya mabehewa inaondoka asubuhi. Anamjua nahodha. Nikae ndani ya behewa la magunia ya chai mpaka Kisumu, yeye atakuja baadaye.

"Na yule?" nikauliza.

"Yule nani?"

"Yule wa Muyenga."

"Hujamwona hata uso!"

"Nimemsikia."

Akashika kichwa. Aliniambia mimi ni mkaidi, kwamba alijua tangu siku ya posa. Lakini alijua ninachosema. Nikitoroka, kapteni amepata jina lake. Litakuwa langu, na koplo atakuwa amethibitika kuwa mtu wangu, na mkuu wetu mwenye kunificha. Nilikuwa naogopa, sikatai. Usiku ule tulilala tumeshikana mikono kama siku za mwanzo, na asubuhi alinisindikiza mpaka mlangoni pa ofisi, jambo ambalo hakupata kulifanya.

Kapteni alikuja na gari mbili. "Jina," akasema.

Mkuu wetu alisimama, akafunga kifungo cha sweta. Kwa siku hiyo aliamua kusema Kiswahili, ingawa kapteni alijua Kiingereza kidogo. Baadaye aliniambia alitaka waongee wote kwa lugha inayowateleza, ili asiwepo mmoja wa kujiona.

"Afande, sisi tuliwekwa hapa kupima. Kazi haijaisha. Hatujui macho ya Muyenga yanaona nini. Mimi naomba twende juu, na wewe, na koplo. Tujalibu hapo. Baada ya hapo, ukitaka jina, mimi nakupa jina langu."

Nilimgeukia. Hilo la mwisho hatukukubaliana. Kapteni naye aliishusha miwani puani akamtazama, na nadhani ndipo nilipoona kitu ambacho miwani ilikuwa imekificha: naye hakulala. Kulikuwa na mtu juu yake aliyekuwa anangoja jina. "Twende," akasema.

Muyenga kulikuwa na upepo na jua. Chini yetu Katwe ilikuwa inagonga mabati kama kawaida yake, mafundi wanakunja sigiri na masufuria, moshi unapanda. Wakamshusha koplo kutoka gari la nyuma. Yule ndiye? Katika mawazo yangu alikuwa jitu. Alikuwa mtu mfupi, wa makamo, jicho moja limevimba limefumba, anashikilia suruali kwa mkono kwa sababu mkanda wamemnyang'anya, na viatu vyake havina kamba, anaviburuta. Alipokohoa ndipo nikamjua. Nikasema, "Habari, koplo." Akaniangalia kwa jicho lile moja. "Mama Nakasero," akasema, "wewe mdogo hivi?" Nilitaka kucheka na kulia, na vyote nikavimeza.

Mkuu wetu akaeleza jinsi atakavyopima. Mimi nisimame nimegeuka nyuma, uso kwenye tangi la maji, kama niko Nakasero na sioni kitu. Kapteni ashike darubini, awe yeye mlinzi, aniambie anachokiona. Koplo asiseme neno. "Tunapima kilima," akasema, "hatupimi mtu."

Nikageukia tangi. Lilikuwa limepata kutu mahali pa maungio, na nikaikodolea kutu hiyo kana kwamba imeandikwa. Nyuma yangu upepo tu, na Katwe wakigonga. Hewa ilikuwa imepata moto. Nikaomba, wala sioni haya kusema, nikaomba kalooli wapande.

"Hakuna kitu," akasema kapteni. Kisha: "Ngoja. Iko." Nikasikia darubini ikigonga kifungo cha shati lake. "Iko ndege. Mbili. Hapana, ine. Ine kubwa. Inazunguka juu ya Katwe."

"Inafanya nini, afande?" nikauliza, kama ninavyouliza siku zote.

"Inapanda. Inapanda sana."

"Nnyabo," akasema mkuu wetu polepole, "ukiwa Nakasero, unaniambia nini?"

Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, na kisha kwa Kiswahili ili kila askari pale asikie: jeti nne za jeshi, juu ya Katwe, zinazunguka, zinapanda, ndege ya abiria irudishwe.

Hakuna aliyeniambia nigeuke, lakini mimi na ukaidi wangu nikageuka. "Afande," nikasema, "ni ndege nne au ndege wanne?"

"Si ile ile!" akafoka. "Ine ni ine!"

Na mdomo wake ukabaki wazi. Aliinua tena darubini, akaishusha, akatazama bila darubini. Juu ya Katwe kalooli wanne walikuwa wanapanda na joto la mabati, bila kupiga bawa, bila sauti. Askari waliotuzunguka walitazama viatu vyao. Mmoja alikuwa anauma midomo asicheke, na nilimwomba Mungu ampe nguvu.

Ndipo koplo, ambaye aliambiwa asiseme neno, akasema.

"Afande. Wewe nasema kila ndege."

Niliona vidole vya kapteni vikikaza kwenye darubini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na nilifikiri, sasa atampiga, na akimpiga mimi nitasema neno ambalo litanimaliza. Mkuu wetu alinishika kiwiko. Kapteni alivua miwani. Bila miwani alikuwa kijana kuliko koplo, kijana sana.

"Nalisema," akasema. "Kweli. Mimi nalisema."

Kisha akavaa tena ukapteni wake. Akawaamuru askari: kuanzia leo, ile yenye manyoya haiitwi ndege. Inaitwaje hapa? Mkuu wetu akamwambia. "Kalooli," akarudia kapteni. "Basi. Hii ni kalooli. Ya chuma ni ndege. Kalooli pia ripoti, lakini nasema kalooli. Nasikia?" Wakajibu kwa sauti moja kwamba wamesikia. Na kwa wakubwa wake atasema nini? Atasema kilima kimepimwa na kasoro imeonekana. Hakutaja jina, na sikupata kusikia kwamba aliwahi kulitaja.

Alitia mkono mfukoni akatoa mkanda na kamba mbili za viatu, vimekunjwa pamoja, akamtupia koplo. Koplo akafunga mkanda. Alipoinama kutia kamba, haiingii tunduni, anajaribu, inatoka. Jicho lake moja halikumsaidia. Sisi sote tulikuwa tunaangalia pengine. Mkuu wetu akavuta suruali yake ipande kidogo isichafuke, akapiga goti moja kwenye vumbi mbele ya askari, yeye Mganda wa tai na sweta, akazichukua kamba akaanza kuzitia.

"Hapana, mzee, hapana," koplo akasema, akitaka kurudi nyuma.

"Simama vizuli," akamwambia. "Usiangalie mimi. Angalia juu, ndiyo kazi yako."

Koplo akainua uso. Machozi yalimtoka katika jicho zima na lile bovu, yakatiririka bila yeye kuyafuta. Akasimama hivyo mpaka mkuu wetu akafunga kiatu cha pili. Mara akakohoa.

"Ndege moja," akasema. "Ya chuma. Iko mbali, kwa ziwa."

Nilitazama sikuona kitu ila mwangaza. Kapteni alipeleka darubini huku na huku. "Iko wapi? Mimi sioni."

Koplo akasogea. Akanyoosha mkono akaushika mkono wa kapteni, ule ule uliomvimbisha jicho, akausukuma polepole kushoto na juu, na kapteni akamwacha aushike mpaka naye akaiona.